Tusingoje Kompyuta

Yapo maneno ambayo yakirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa kama sheria, ijapokuwa hakuna kikao kilichoyapitisha. Kwetu huku Nachingwea na Ruangwa mojawapo ni hili la "kusomea kompyuta". Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikiingia, mzazi mwenye kijana aliyemaliza Kidato cha Nne humpeleka mjini "akasomee kompyuta". Kijana hukaa huko miezi mitatu. Hufundishwa kuwasha mashine, kuandika barua, kukoleza vichwa vya habari, kupanga majina kwenye jedwali na kuchapa. Hurudi na cheti chenye muhuri, na tangu siku hiyo mtaa mzima humwita mtaalamu wa kompyuta.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na kijana huyo wala na mzazi wake. Kuandika barua iliyonyooka ni kazi ya heshima, na wako waliopata mkate wao kwa kazi hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaotuaminisha kwamba elimu ya kompyuta inaishia hapo. Na zaidi ya hao, nina ugomvi na wale wanaojua vizuri kwamba haiishii hapo, ila wanatuambia kwamba hatua inayofuata, yaani kujifunza kuandika programu, si ya watu wa wilaya zetu mpaka tuletewe kwanza chumba cha kompyuta, intaneti ya kasi, mwalimu kutoka Dar es Salaam na Kiingereza cha kutosha. Nasema hapana. Kuandika programu huanza kwa karatasi, penseli na kazi unayoifahamu. Na mtu anaweza kuanza kesho asubuhi akiwa Naipanga au Mbekenyera. Anayemwambia angoje anamchelewesha bure, hata kama nia yake ni njema.

Tuanze na maana ya neno lenyewe. Programu ni orodha ya maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza. Ukimwambia mtoto "kateke maji", atachukua ndoo bila kukumbushwa. Kompyuta haina busara hiyo. Ingekuwa na miguu ingekwenda kisimani mikono mitupu na kurudi vivyo hivyo, kwa sababu hukutaja ndoo. Basi kazi ya mtunzi wa programu ni kuisema kazi nzima, kwa mpangilio wake, bila kuacha pengo la kujazwa kwa kukisia. Huo ndio ujuzi wenyewe. Kubonyeza vitufe kwa haraka ni jambo jingine kabisa.

Na ujuzi huo si mgeni kwetu. Tazama wazee wanaocheza bao kivulini. Mchezaji huchota kete na kuzimwaga moja moja katika mashimo. Ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, huzichota na kuendelea. Ikiangukia kwenye shimo tupu, hulala, na zamu huenda kwa mwenzake. Nimeacha sheria za kula na nyinginezo, lakini katika hayo machache yamo mambo mawili ambayo mtunzi wa programu, awe Nairobi au London, huyatumia kila siku ya kazi yake: "kama hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile", na "rudia mpaka".

Au shika simu yako ya vitufe. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania 2008, humwongoza mteja kwa orodha ya namba. Ukibonyeza namba hii unapelekwa kwenye kutuma pesa. Ile, kwenye kutoa. Ukikosea namba ya siri, unakataliwa. Bibi asiyewahi kuketi mbele ya kompyuta anaipita njia hiyo kila wiki, na anaweza kukusimulia toka mwanzo hadi mwisho. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba hayo anayoyasimulia ndiyo programu, na kwamba yameandikwa na binadamu mwenzake.

Sasa nije kwa wanaosema tungoje vifaa. Nadhani sisi wa Nachingwea ndio watu wa mwisho katika Tanzania nzima wanaopaswa kudanganywa kwamba mashine hutangulia maarifa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kufyeka na kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Kwa ajili ya sehemu ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku bara. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa elimu ya kutosha juu ya udongo na mvua ya mahali penyewe. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji. Januari 1951 mradi ukatupwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda. Reli yetu nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Wala Waingereza hawakuwa peke yao. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka michache hesabu za Serikali zilizowekwa humo zilivurugika. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno na kazi ilitegemea wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi mpaka mlango huo ukafunguliwa tena. Watu wengi huitaja marufuku hiyo kwa kucheka. Mimi sicheki. Mashine haikuwa na kosa lolote. Iliwekwa mahali ambapo wenye uwezo wa kuiagiza walikuwa wachache kuliko kazi iliyongoja.

Pamoja na mafunzo hayo mawili, bado tunafanya vilevile kwa kipimo kidogo. Nimeona shule moja, ambayo sitaitaja, iliyopokea kompyuta kwa hafla, nyimbo na picha. Nilipopita baada ya mwaka mmoja chumba kilikuwa na kufuli, na kwa dirishani niliona baadhi ya mashine zingali na mifuko yake ya nailoni. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa safarini. Wanafunzi waliambiwa wangoje, wakamaliza shule wakingoja. Je, hao tutasema walikosa vifaa? La hasha. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba somo lingeweza kuanza nje ya mlango ule.

Historia ya fani yenyewe iko upande wangu. Mwaka 1843 Bibi Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha hatua kwa hatua jinsi mashine ya Charles Babbage ingekokotoa namba fulani ngumu za kihisabati. Mashine ile haikukamilika katika maisha yao wote wawili. Watu wengi wanaihesabu kazi yake kuwa programu ya kwanza duniani, nayo iliandikwa kwa wino, bila kompyuta. Hata katika miaka ya 1960, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliandika programu zao kwa kalamu, zikatobolewa kwenye kadi, kisha wakangoja saa nyingi, pengine mpaka kesho yake, kupata jibu. Kila kosa liliwagharimu siku, kwa hiyo walijifunza kufikiri kabla ya kukabidhi. Umaskini wetu wa mashine unaweza kutufundisha tabia hiyohiyo, tukitaka.

Na tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule, huko Kanda ya Ziwa, watu walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba na uvuvi, yaani kazi walizokuwa wakizifanya kila siku. Hakuna aliyesema wangoje mpaka kila kijiji kipate maktaba. Mkulima alianza na neno alilolijua, akalikuta limeandikwa. Mimi naona kujifunza programu kunahitaji njia hiyo, na zao letu ni korosho.

Naomba nieleze nilichokifanya, kwa kuwa sipendi kuhubiri jambo ambalo sijalijaribu. Mwaka 2021 nilianza kukaa na vijana saba Jumamosi mchana chini ya mwembe. Wanne walitoka Nachingwea mjini na watatu walikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Ruangwa. Hatukuwa na kompyuta. Niliwaambia waandike jinsi malipo ya mkulima yanavyokokotolewa, kwa maneno ambayo mtu asiyejua lolote juu ya korosho angeweza kuyafuata. Baada ya kufuta na kuandika tena kwa wiki mbili, walifika hapa:

Kwanza, andika uzito wote uliosomwa kwenye mizani.

Pili, hesabu magunia. Zidisha idadi yake kwa uzito wa gunia tupu. Toa jibu hilo katika uzito wote. Kinachobaki ni uzito halisi.

Tatu, zidisha uzito halisi kwa bei ya mnada.

Nne, jumlisha makato yote ya kila kilo. Zidisha kwa uzito halisi. Ondoa jibu hilo katika fedha za hatua ya tatu.

Tano, andika kinachobaki. Hayo ndiyo malipo ya mkulima.

Kisha tulicheza mchezo tuliouita "mjinga mtiifu". Kijana mmoja alikuwa mashine. Alisomewa maagizo na aliruhusiwa kufanya lile tu lililoandikwa. Kama bei haikutajwa, alinyamaza na kukodoa macho mpaka wenzake wakavunjika mbavu. Ndipo maswali ya kweli yalipoanza. Ikiwa mzigo una korosho za daraja la kwanza na la pili, na bei ni mbili? Wakaongeza neno "kama". Ikiwa mkulima ameleta mizigo mitatu na kila mmoja umeuzwa katika mnada wake? Wakaandika: "kwa kila mzigo, fanya hatua ya kwanza hadi ya nne, kisha jumlisha". Ikiwa karani ameacha uzito wazi? Wakaandika kwamba kazi isimame na mtu aulizwe. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba mambo hayo yana majina makubwa vyuoni. Waliyagundua kwa kuyahitaji.

Msimu ulipofika, binti mmoja katika kundi letu alichukua karatasi ya malipo ya mjomba wake na kuipitisha katika hatua zake. Magunia yalikuwa 6, mizani ilisoma kilo 486, na gunia tupu lilihesabiwa kuwa na kilo 1. Uzito halisi ulipaswa kuwa kilo 480. Karatasi ilisema 474. Binti alirudia mara tatu, kisha akafuatana na mjomba wake kwenda kwenye chama kimoja cha msingi, ambacho nacho sitakitaja. Nami nilikuwapo.

"Shikamoo, baba," alimwamkia karani. "Naomba unionyeshe hizi kilo 474 zimepatikanaje."

"Marahaba, mwanangu. Hizo zimetoka kwenye kompyuta," karani alijibu kwa upole. "Kompyuta ndiyo imesema."

"Naona magunia yametolewa mara mbili, baba. Nani aliiambia iyatoe mara mbili?"

Karani alikaa kimya kidogo, akavuta daftari la mizani. Ikaonekana kwamba uzito ulioingizwa kwenye mashine ulikuwa umekwisha kupunguzwa magunia kwa mkono, na mashine nayo ikayapunguza tena kama ilivyoagizwa. Kwa bei ya msimu ule, kilo 6 zilikuwa zaidi ya shilingi 12,000. Karani hakuwa mwizi, na malipo yalirekebishwa. Lakini wangapi walipokea karatasi ya namna hiyo wakaikunja na kuitia mfukoni, kwa sababu kompyuta ndiyo imesema?

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Kompyuta haijawahi kusema neno lake yenyewe. Husema alilolisema aliyeiagiza, na kama aliyeiagiza ameteleza, itateleza vilevile kwa kila mkulima bila kuona haya. Korosho zetu, ufuta wetu na mbaazi zetu hupita kwenye stakabadhi ghalani, minada na akaunti za benki, na karibu kila hatua ina hesabu inayofanywa na programu iliyotungwa mbali na sisi. Jamii isiyo na hata mtu mmoja wa kuuliza "nani aliiambia hivyo?" imerudi katika hali ya babu zetu waliotia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma.

Wapo watakaosema: yote haya ni sawa, lakini lugha za programu ni za Kiingereza, na vijana wetu Kiingereza kinawapiga chenga. Hoja hii imetisha wengi kuliko inavyostahili. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ina maneno rasmi yasiyofika 40. "If" ndiyo "kama" yetu, "else" ndiyo "la sivyo", "while" ndiyo "maadamu". Majina mengine yote huyabuni mwandishi, na hakuna sheria inayomzuia kuandika uzito, bei, makato na malipo. Watoto wetu madrasa hujifunza herufi za Kiarabu na kuhifadhi sura nzima wakiwa na umri wa miaka saba. Leo tuseme maneno 40 ni mlima? Ile programu ya kufundishia watoto iitwayo Scratch, iliyotoka Marekani mwaka 2007, inapatikana hata kwa Kiswahili. Na ikumbukwe kwamba tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walikwisha kuitafsiri kwa Kiswahili programu nzima ya kazi za ofisini wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba lugha yetu haijui kukaa ndani ya mashine.

Sisemi Kiingereza hakina faida. Vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza, na atakayekwenda mbali atakihitaji. Ninachokataa ni kukifanya kizuizi cha kuingilia. Kufikiri kwa mpangilio hufanywa katika lugha ambayo mtu huota kwayo. Mwanafunzi akishajua anataka kusema nini, maneno ya kusemea huyapata njiani. Akianza na maneno bila kuwa na la kusema, atayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau siku ya matokeo.

Wengine wana hoja mpya kabisa. Tangu mwishoni mwa 2022, ilipotolewa ChatGPT, zipo mashine ambazo ukiziomba programu kwa maneno ya kawaida hukuandikia papo hapo. Basi, wanauliza, kuna haja gani ya kijana wa Ruangwa kuhangaika? Mimi nageuza swali. Ukiiomba mashine programu ya malipo ya korosho, nani atakayeiambia kwamba magunia huenda yamekwisha kupunguzwa? Nani atakayelijua kosa likitokea? Kuiagiza vizuri mashine ya namna hiyo kunadai uweze kuisema kazi nzima bila pengo, na kulikagua jibu kunadai uweze kulifuata hatua kwa hatua. Mambo hayo mawili ndiyo tuliyojifunza chini ya mwembe. Asiyeyajua atapokea lolote atakalopewa, na tofauti itakuwa kwamba sasa atadanganywa kwa haraka zaidi.

Nisiwasahau wafanyabiashara wa matumaini, wanaobandika matangazo kwamba kwa wiki sita utakuwa mtunzi wa programu na utalipwa kwa dola. Hawa ni hatari kuliko wanaotuambia tungoje, kwa kuwa hula fedha za korosho za mzazi. Ujuzi huu ni kama useremala. Wiki sita zinatosha kujua kushika msumeno na kupinda misumari mingi. Mwaka mmoja wa kazi ndogondogo za kila wiki humfanya mtu kuwa wa manufaa kwa jirani zake. Ajira inaweza kuja au isije. Anayekuahidi hakika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa basi, mtu aanzeje? Nitasema kwa ufupi.

Achague kazi moja anayoifahamu kwa mikono yake: hesabu za duka, zamu za kuchota maji, msimamo wa ligi ya kata, kiasi cha mbegu kwa ekari. Aiandike hatua kwa hatua kwa Kiswahili. Ampe mtu mwingine aifuate kama mjinga mtiifu, na kila anapokwama arekebishe maandishi, asirekebishe mtu. Ajaribu mambo ya ajabu: namba sifuri, jina lililokosekana, mzigo usio na gunia. Hapo atakuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi, pengine zaidi.

Ndipo atafute mashine, na si lazima iwe yake. Simu janja moja inatosha vijana watatu. Zipo programu za simu ambazo zikishapakuliwa huendesha Python bila bando. Hilo si jambo dogo: Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti kusuasua Afrika Mashariki, aliyekuwa na somo lake ndani ya simu aliendelea nalo. Vijana wangu walitumia simu iliyopasuka kioo. Programu yao ya kwanza ilikuwa na mistari isiyozidi 20, na mara ya kwanza ilikataa kwa sababu walisahau nukta pacha mwishoni mwa mstari mmoja. Walikaa saa nzima kuitafuta. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, nikanyamaza, kwa kuwa saa ile ndiyo iliyokuwa somo.

Na asihangaike na ubishi wa lugha gani ya kompyuta ni bora. Ubishi huo hupendwa sana na watu ambao hawajaandika lolote. Ashike moja, amalize nayo kitu kimoja kidogo ambacho mtu mwingine atakitumia, kisha ndipo aangalie nyingine.

Nina maombi pia kwa wakubwa. Mtaala mpya wa sekondari una somo la Sayansi ya Kompyuta, na majirani zetu wa Kenya waliidhinisha mafunzo ya kuandika programu shuleni mwaka 2022. Ni vizuri. Lakini jina la somo kwenye ratiba halifundishi mtu. Chuo cha Ualimu tunacho hapa Nachingwea. Mwalimu anayefundishwa humo kufundisha hesabu anaweza kufundishwa pia kuendesha mchezo wa mjinga mtiifu, na hilo halihitaji hata kilo moja ya vifaa. Kwa vyama vya msingi ombi langu ni jepesi zaidi: ile orodha ya hatua ambazo kompyuta yenu huzifuata kupata malipo ya mkulima, iandikeni kwa Kiswahili na kuibandika ukutani karibu na mizani. Mkulima aisome, mtoto wake aifuate kwa penseli. Kama hesabu ni safi, hakuna atakayepungukiwa kwa kubandika karatasi.

Kwa wazazi nasema hivi: mkiwa na fedha za kumpeleka kijana kusomea kompyuta, mwulizeni mwenye chuo swali moja kabla ya kulipa. Je, mwanangu akimaliza ataweza kuiagiza mashine kazi ambayo haijawahi kuifanya, au ataweza kutumia tu maagizo ya wengine? Akijibu kwa kukuonyesha idadi ya kompyuta alizonazo, jueni hajajibu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wako tayari kuinama. Tusiwaambie kwanza wangoje kuletewa kitanda kingine.